Mkono wa Mtoto na Kazi Yake

Sanaa ni somo dogo katika ratiba ya shule ya msingi, lakini swali linalozaliwa nalo si dogo. Mtoto wa miaka minane hupewa udongo, karatasi, gundi na vipande vya maboksi, akaambiwa aumbe anachokiona moyoni. Akifinyanga chungu chenye shingo iliyopinda, mtu mzima aliye karibu naye hushikwa na hamu ya kuinyosha. Je, akiinyosha, amemsaidia mtoto au amemnyang'anya?

Nchini Kenya swali hili lilitoka darasani likaingia majumbani. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchini kote Januari 2019 katika madarasa ya chini, uliipa sanaa nafasi yake, ukawataka na wazazi washiriki katika elimu ya watoto wao. Nia ilikuwa njema. Lakini haukupita muda mrefu wazazi wakalalamika kwamba kazi za mikono zinazopelekwa nyumbani zimekuwa mzigo. Vifaa vilitafutwa usiku, na pengine aliyekata, aliyebandika na aliyepaka rangi alikuwa mzazi, naye mtoto amekwisha lala. Asubuhi kazi ilifika shuleni kwa jina la mtoto.

Hapo pana jambo zito kuliko gharama. Mzazi ajua kuwa kazi si ya mtoto. Mwalimu aonapo mkato ulionyoka mno ajua pia. Na mtoto ajua kuliko wote wawili. Watatu hao hunyamaza kwa ajili ya alama, na katika kimya hicho mtoto hupata somo ambalo halimo katika mtaala wowote: kwamba uongo ukipambwa hupokewa kwa heshima. Mwenzake, ambaye mama yake hurudi usiku kutoka kibaruani, huleta kazi aliyoifanya peke yake, imepinda na gundi imevuja pembeni. Aliyesema kweli kwa vidole vyake hupata alama chache. Shule ipimayo hivyo hupima fedha na nafasi ya wazazi, ikadhani imepima watoto.

Wako watoao dawa kali, kwamba mtu mzima asiguse wala asiseme. Franz Cizek, aliyefungua darasa la sanaa la watoto mjini Vienna mwaka 1897, aliiona michoro ya watoto kuwa sanaa yenye kanuni zake yenyewe, akakataa kuipima kwa kipimo cha watu wazima. Heshima hiyo ilistahili kutolewa. Walakini mtoto aliyeachwa pasipo mwongozo wowote naye hudhulumiwa, maana hamu hufa pale mkono ushindwapo kuutii moyo.

Wasukaji wa mikeka katika pwani ya Afrika Mashariki hawakuacha, wala hawakunyang'anya. Msichana ajifunzaye kusuka ukili hukaa ubavuni mwa bibi yake. Ukili ukilegea, bibi huamuru ufumuliwe, kisha huonyesha mwendo wa vidole katika ukili wake mwenyewe, polepole, mjukuu akitazama. Mjukuu husuka tena. Ukili upatikanao mwishoni, uwe imara au dhaifu, ni wa mjukuu.

Tofauti iko hapo. Kuusahihisha mkono ni kufundisha; kuisahihisha kazi ni kuitwaa. Na kipimo chake ni chepesi: mtoto aweza kuifanya tena kesho, peke yake? Akiweza, alisaidiwa. Asipoweza, alinyang'anywa, hata kama alishukuru.

Itasemwa kuwa darasa lina watoto wengi, na bibi alikuwa na mjukuu mmoja. Ni kweli. Basi kazi na ziwe chache, zifanyike darasani mbele ya mwalimu, kwa udongo na majani yapatikanayo bila kununuliwa. Hapana budi pia kukubali hasara: ukuta wa darasa utajaa vitu vilivyopinda, na wageni siku ya maonyesho watasifu kidogo. Mwalimu ahitaji ushujaa wa kuvumilia macho yao.

Chungu kile hakitadumu. Mwisho wa muhula kitavunjika au kitatupwa. Kitakachodumu ni ujuzi wa mtoto kwamba kilikuwa chake.