Nianze Kuogopa Saa Ngapi?

Safari tulizokulia zina mtu kila upande. Ukipanda basi la Tanga kwenda Dar es Salaam, yupo aliyekusindikiza stendi na yupo anayekungoja uendako, na basi likichelewa huyo wa pili ndiye atakayepiga simu kuuliza mmefika wapi. Hata ukienda shamba, kuna jirani atakayekuona ukipita. Watu hao wametulinda barabarani miaka yote, na kwa kuwa hawakosekani, tumezoea kutowahesabu.

Matembezi ya siku moja katika hifadhi ya jimbo, huku Marekani ninakoishi, hayana mtu wa pili. Unaacha gari, unapanda vilima, unaliona ziwa, unarudi palepale ulipoliacha gari. Shangazi yake mke wangu, ambaye amekuja kututembelea kutoka Tanga, aliliona hilo kabla yangu. Nilipomwambia kwamba Jumamosi tutakwenda Harriman, aliuliza, "Huko tunakwenda kwa nani?" Hatuendi kwa mtu, Shangazi. "Haya," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Harriman ni hifadhi ya jimbo la New York, chini ya mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka jijini. Mwaka 1910 Mary Harriman, mjane wa tajiri wa reli, aliipa serikali ya jimbo ekari 10,000 na dola milioni moja, kwa sharti kwamba waachane na mpango wa kujenga gereza pale Bear Mountain. Gereza halikujengwa. Leo kuna maziwa na mabwawa 31, na njia za miguu zaidi ya kilomita 300. Ni pazuri sana, na ni pakubwa vya kutosha kupotea.

Njia niliyoichagua inaanzia Reeves Meadow, inafuata kijito cha Stony Brook hadi ziwa la Pine Meadow, kisha inarudi kwa kuzunguka vilimani. Ina kama kilomita 10, na kupanda kwa jumla ya mita 300 hivi. Mskochi William Naismith aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila maili tatu, yaani karibu kilomita 5, kisha saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, ambazo ni kama mita 600. Kwa hesabu yake, sisi tungemaliza kwa saa mbili na nusu. Lakini Naismith hakuwa anatembea na Shangazi. Shangazi ana goti linalomsumbua akishuka, atasimama kuswali adhuhuri, na hapiti jani asilolijua bila kulichuma akalinusa, wakati msitu huu una mmea wa majani matatu matatu unaowasha ngozi kwa siku nyingi. Nimeandika saa tano. Mpango unaofuata mwendo wa kijana wa mbele humwacha mzee wa nyuma akitembea peke yake, hata kama mmeondoka nyumbani pamoja.

Jua ndilo lililonisumbua zaidi. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tunajua kwamba linazama saa kumi na mbili na kitu, mwaka mzima, na wala hatujioni kama tunajua chochote. Huku mwezi Juni linazama saa mbili na nusu usiku, na Desemba saa kumi na nusu jioni. Katikati ya Oktoba ni kama saa kumi na mbili na robo, na hapo ndipo pa kuponzeka, kwa sababu panafanana na nyumbani. Hapafanani kwa muda mrefu: kila wiki jua linaondoa kama dakika kumi, na Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa zikisharudishwa nyuma, giza linaingia kabla hujajiandaa. Basi tutaanza saa nne asubuhi, na ikifika saa saba mchana hatujaliona ziwa, tutarudi kwa njia tuliyojia.

Maji, tochi, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi kwa sababu ya kupe wa huku, wanaoeneza ugonjwa wa Lyme: hayo muuzaji yeyote wa duka la michezo atakuhubiria mpaka uchoke.

Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kubaki. Vijana ninaowajua hutuma picha kwenye kundi la WhatsApp wakiwa njiani, na kundi zima linajua wamekwenda milimani, ila hakuna hata mmoja anayewangoja. Mke wangu ana zamu ya kazi Jumamosi, kwa hiyo nikampa karatasi: gari litakapoachwa, namba yake, majina ya njia na rangi zinazopakwa mitini kuzionyesha, nguo tutakazovaa, dawa ya presha ya Shangazi, na saa ya mwisho ya kurudi garini, saa kumi. Nimejifunga pia kwamba sitabadilisha njia tukishaingia msituni, hata tukikuta nyingine inayovutia zaidi, maana karatasi ile itakuwa imemdanganya.

Akaisoma yote, halafu akauliza, "Na mimi nianze kuogopa saa ngapi?"

Hilo sikuwa nimeliandika. Saa ya kurudi si saa ya kuogopa. Mtu akiteguka kifundo cha mguu, saa kumi inaweza kuwa saa kumi na nusu bila balaa lolote, na kule mabondeni simu hazishiki vizuri. Nikapendekeza kwamba akiona kimya mpaka saa kumi na moja na nusu, apige 911. Akakataa. Alisema waokoaji nao wanahitaji mwanga wa kutafutia, akataka saa kumi na moja kamili. Nikamweleza kuhusu goti, na sala, na majani. Shangazi, aliyekuwa anakanda unga wa maandazi ya safari, akasema goti ni lake na yeye anakubaliana na mwanawe. Imeandikwa saa kumi na moja kamili.