Je, Inafaa Wachache Wafe ili Wengi Wapone?



Swali hili watu wa Ituri tumelisikia mara nyingi. Tulipime leo kwa jambo lililotokea kweli.

Mwezi wa Februari 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo. Ilichukua watu 1,511. Karibu 1,000 walikuwa wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na walikuwamo pia wauguzi wanawake. Meli tano za askari zilisafiri pamoja, zikilindwa na meli za kivita.

Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani, yaani meli ya vita inayokwenda chini ya maji, iliipiga kwa torpedo mbili. Haikupita dakika tatu ikazama. Waliowahi kutoka walibaki wakielea, wakingoja msaada. Nayo nyambizi ikajificha chini yao.

Wakubwa wa meli za kivita Petard na Paladin wangefanya nini? Wakiiacha nyambizi, ingeziendea zile meli nne nyingine. Wakitupa mabomu majini, wangewaua wenzao. Walitupa, na baadhi ya waliokuwa hai wakafa. Katikati ya mapigano hayo walishusha mashua kuwaokoa waliobaki, na mwisho nyambizi ikazamishwa. Waliokufa katika meli ile ni 1,297. Waliopona ni 214 tu.

Je, walitenda dhambi? Tukumbuke watu wawili wa Biblia. Kayafa aliona ni afadhali mtu mmoja afe kuliko taifa zima, lakini aliitoa damu ya mwingine. Yona alijitoa mwenyewe. Hata hivyo mabaharia, watu wasiomjua Mungu wake, walipiga kasia kwanza kwa nguvu zote, kisha wakamsihi Mungu asiwahesabie damu ya asiye na hatia.

Wakubwa wa zile meli hawakuwachukia waliokuwa majini. Hatari ilikuwa ya kweli, nao waliwatafuta waliobaki hai. Kwa hiyo tusiwahukumu upesi. Lakini pia tusiseme kwamba hesabu ya wengi ilisafisha kila kitu. Waliokufa hawakuulizwa. Hata pale njia nyingine inapokosekana, damu inabaki damu, nayo inadai machozi.

Katika vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003, wengi walisema: tusipowaua wao, watatuua sisi. Lakini ndani ya nyumba ya jirani, nyambizi ilikuwa wapi? Alikuwamo mama na watoto wake. Na ni nani aliyepiga kasia kwanza? Ni nani aliyerudi na mashua?

Ndugu mpendwa, ukiambiwa tena kwamba wachache lazima wafe, uliza maswali hayo matatu kabla ya kushika panga.

Mungu atupe moyo wa kuogopa damu. Amina.