Ni Nani Aliyefika?

Tangu tuliporudi kutoka Mlima Kenya, vijana wa darasa letu la Pumwani wanatuletea suala moja kila baada ya Sala ya Isha: "Yule ndugu yetu aliyeshuka na mgonjwa bila ya kukiona kilele, je, ahesabiwa kuwa amefanya safari au hakuifanya?" Wengine huuliza huku wakicheka. Sisi twaona si suala la kuchekwa, na jawabu lake twaliandika hapa walisome waliokuwako na wasiokuwako.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tano. Tuliingia kwa lango la Sirimon, kwenye kimo cha mita 2,650, tukiwa watu wanane wa darasa, kiongozi wa njia mmoja na wapagazi watano. Usiku wa kwanza tulilala Old Moses, mita 3,300. Siku ya pili tulifuata bonde la Mackinder, bonde refu lisilo nyumba wala moshi, lililoota mimea mirefu kupita kimo cha mtu, mpaka kambi ya Shipton, mita 4,200, ambako pimbi huja kuchungulia masufuria. Hapo tulipumzika siku moja ili miili izoee uhaba wa hewa. Nia yetu ilikuwa tuondoke usiku, tufike ncha ya Lenana, mita 4,985, jua likichomoza, kisha tushukie upande wa pili kwa bonde la Gorges mpaka Chogoria.

Wako wazee waliotulaumu kwa kwenda, wakisema kuwa kutembea pasipo biashara wala ziara ni upuuzi. Hao twawajibu kwa ufupi: Qur'ani imetuamrisha zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi na tutazame, wala haikuwaamrisha wafanya biashara peke yao. Lawama iliyotustahiki ni nyingine.

Usiku wetu wa pili pale Shipton, mpagazi mmoja, kijana wa umri wa wanetu, alishikwa na kichwa, akatapika, na alipoinuka akawa anapepesuka. Kiongozi alisema huo ndio ugonjwa wa kimo, humpata hata aliyezaliwa chini ya mlima ule ule. Dawa yake ni kushuka, na kuchelewa huweza kuua. Lakini mgonjwa hawezi kushuka na mtu mmoja usiku, na kama wangekwenda naye wapagazi wawili, mizigo mitatu ingebaki bila ya mabega.

Tukanyamaza. Kila mmoja alikuwa ameweka akiba miezi mingi kwa ajili ya asubuhi ile. Wako walionong'ona kuwa angoje mpaka kupambazuke. Nasi, tuliofanywa amiri wa safari, hatukuwakemea; tulikuwa tukitafuta katika elimu yetu hoja ya kutufikisha juu. Twakiri jambo hili kwa kuona haya.

Ndipo mmoja wetu, fundi cherahani wa Majengo, mdogo kuliko wote, alipofunga viatu vyake akasema: "Sheikh, mimi nitakwenda naye. Ninyi gawanyeni mizigo." Yeye na mpagazi mmoja wakamshika mgonjwa huku na huku, wakashuka. Alipofika chini, kichwa kilimwachia, alhamdulillahi. Nasi tulipoitia mgongoni ile mizigo tukajua uzito wake, ambao kwa siku tatu tulikuwa tukiutazama tu.

Sasa natuyazingatie ya kale. Tarehe 13 Septemba 1899, Mackinder, Mwingereza, alifika ncha ya Batian, mita 5,199, pamoja na Ollier na Brocherel. Vitabu vyasema hao ndio wa kwanza kufika. Lakini msafara ule ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wamasai 2 na Wakikuyu 96. Njaa iliwapata, watu wawili wa msafara wakauawa, hata ikabidi msaada utafutwe Naivasha kwa Kapteni Gorges. Mackinder ana bonde lenye jina lake. Hausburg, mwenziwe, analo. Na Gorges analo. Katika Waswahili 66 hakuna hata mmoja mwenye bonde. Na hao si wageni kwetu. Wapagazi na askari wa misafara ni miongoni mwa watu wa mwanzo wa mitaa yetu, tangu kijiji cha Pangani, kilichovunjwa mwaka 1939, watu wake wakahamia Shauri Moyo. Walibeba karibu frasila mbili kila mtu. Mjukuu wa mpagazi akimdharau mpagazi, amemdharau babu yake.

Mtu atasema: "Mpagazi amelipwa." Naam, amelipwa. Lakini ujira hununua kazi ya mabega, haununui uhai. Wanavyuoni wamemtaja mwenza wa safari katika watu wenye haki juu yetu, na hawakusema haki hiyo huondoka akipokea ujira.

Basi jawabu letu ni hili: aliyeshuka amefanya safari, tena kamili. Sisi tuliofika Lenana tuliliona jua likitoka juu ya mawingu, na ile ni neema ya Mwenyezi Mungu. Lakini tuliifikia kwa kuwa mtu mwingine alilipa deni lililokuwa letu sote, na kwanza la amiri.

Kwa hiyo, safari ijayo, kabla ya kutoka Pumwani, tutaafikiana ni nani atakayeshuka na mgonjwa, na amiri atakuwa wa kwanza kuandikwa. Mizigo itapimwa, na nguo za baridi za wapagazi zitatazamwa kama zetu. Na katika daftari la darasa tumekwisha kuandika majina kumi na manne ya waliosafiri, bila ya kutenga waliofika na wasiofika.

Mwenyezi Mungu atusamehe kimya chetu cha usiku ule, na amlipe kheri fundi wetu. Amin.