Vikombe Vingapi?

Hapa Tabata, kwenye kijiwe tunachokaa jioni, muuza kahawa hukaanga buni yake mwenyewe. Nchi yetu hulima kahawa Kagera, Kilimanjaro na Mbinga, na sehemu kubwa huuzwa ng'ambo. Hii kidogo inayobaki yeye huikaanga mbele yetu juu ya mkaa, kisha akaitwanga. Kwa hiyo tunajua hakuchanganya mahindi. Lakini vikombe vyetu hatuhesabii. Mtu akiinuka huulizwa tu, "Vingapi, mzee?" naye hutaja mwenyewe.

Siku moja nilikunywa vitatu, nikataja viwili. Usiku ule usingizi ulikataa, wala si kwa sababu ya kahawa. Kesho yake nikamlipa cha tatu. Akasema kwa upole, "Nilijua, mzee."

Tangu hapo najiuliza: mtu anayejua hesabu, anauliza ya nini? Naona kwamba anayechungwa asiibe hajapata nafasi ya kuwa mwaminifu. Swali lile ni heshima tunayopewa kila jioni, kuipokea au kuitupa. Mimi niliitupa kwa bei ya kikombe kimoja cha kahawa.