Deni la Mbashiri

Katika mambo yasemwayo na watu pasipo kufikiriwa sana, hapana lisemwalo kwa wepesi kama ubashiri wa michezo. Mtu asiyethubutu kumwambia jirani yake anywe dawa gani, au anunue shamba gani, hasiti hata kidogo kumwambia ni farasi yupi atakayeshinda Jumamosi. Neno hilo hutolewa bure, hupokewa kwa kicheko, na hudhaniwa kuwa limekufa jioni ile ile. Swali nipendalo kuliweka mbele ya wasomaji ni hili: je, neno lililotolewa bure halina deni? Mtu amebashiri, ameaminiwa, na aliyemwamini amepoteza mali yake. Je, mbashiri adaiwa kitu?

Nimeichagua nchi ya Australia kuwa uwanja wa hoja hii, kwa kuwa huko ubashiri umekuwa sehemu ya mazungumzo ya kila siku kama yalivyo kwetu mazungumzo ya mvua na mavuno. Kila Jumamosi farasi hukimbia katika viwanja vingi vya miji na vijiji, na miongoni mwa viwanja vilivyo mashuhuri ni Randwick katika mji wa Sydney, na Flemington na Caulfield katika mji wa Melbourne. Mashindano yaliyo mashuhuri kupita yote, Kombe la Melbourne, yalikimbiwa mara ya kwanza mwaka 1861, akashinda farasi aitwaye Archer, na mwaka uliofuata akashinda tena. Tangu mwaka 1875 desturi imekuwa kuyafanya Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Novemba, na siku hiyo ni ya mapumziko mjini Melbourne. Hata mtu ambaye hakumtazama farasi mwaka mzima huwa na maoni siku ile. Mwenye kuuza mkate ana maoni. Kinyozi ana maoni. Mwalimu ana maoni. Maoni ni mengi, na mshindi ni mmoja.

Nitangulize kusema kwamba sikusudii kuhukumu hapa kama kamari ni halali au haramu. Wanazuoni na viongozi wa dini wamekwisha kulinena hilo kwa uzito unaostahili. Hoja yangu ni juu ya ulimi, wala si juu ya mfuko. Wahenga walisema kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nataka kujua ni wakati gani ulimi wa mbashiri huwa umejikwaa.

Yafaa kwanza tupime ubora wa ujuzi wenyewe. Mbio nyingi kubwa za Australia, Kombe la Melbourne likiwa mojawapo, hukimbiwa kwa kanuni ya kugawa uzito. Farasi aliyejithibitisha kuwa hodari hubebeshwa uzito mwingi, na aliye dhaifu hupunguziwa, ili nguvu zao zikaribiane. Huyo agawaye uzito ni mtu mwenye ujuzi mkubwa, na kazi aliyopewa ni kufuta, kwa kadiri iwezekanavyo, tofauti zile zile ambazo mbashiri adai kuzijua. Tazama habari ya Phar Lap, farasi aliyezaliwa New Zealand mwaka 1926 na kupendwa Australia kama shujaa wa taifa. Mwaka 1930 alitazamiwa na watu wengi mno kuwa atalitwaa Kombe, na kweli alilitwaa. Mwaka 1931 alitazamiwa tena. Lakini safari hii alibebeshwa uzito wa kilo 68 hivi, akamaliza wa nane. Farasi alikuwa yule yule, na sifa zake zilikuwa zile zile. Aliyebashiri kwa kukumbuka ushindi wa mwaka uliopita alikuwa na sababu, lakini sababu yake ilikuwa imekwisha kuwekewa jiwe mgongoni.

Mifano ya upande wa pili nayo ipo. Mwaka 2015 Kombe lilichukuliwa na Prince of Penzance, aliyekuwa na bei ya 100 kwa 1, akiongozwa na Michelle Payne, mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo. Mwaka mmoja kabla yake, Admire Rakti, farasi kutoka Japani aliyependelewa kupita wenzake wote, alimaliza wa mwisho, akaanguka na kufa muda mfupi baada ya mbio. Sisemi kuwa wenye ujuzi hawajui lolote. Wao huzijua nasaba za farasi, tabia za wapandaji, hali ya ardhi baada ya mvua, na mengi mengine. Ninachosema ni kwamba ujuzi huo, hata uwe mkubwa vipi, huishia kwenye labda. Hauvuki kufika kwenye bila shaka.

Liko na fumbo jingine ambalo lawafaa wanafunzi wa mantiki. Mwaka 1913 mashine iliyobuniwa na mhandisi George Julius wa Sydney iliwekwa kwenye uwanja wa Ellerslie, Auckland, ili kuhesabu dau za watu wote na kugawanya fungu kwa washindi. Katika utaratibu huo wachezaji hawashindani na mwenye mashine. Hushindana wao kwa wao. Sasa tufanye hesabu tupu. Tuseme watu 100 wameweka dola moja kila mtu, na mwenye kuendesha mchezo amekata dola 15. Zimesalia dola 85. Ikiwa watu 5 tu walimchagua mshindi, kila mmoja atapata dola 17. Ikiwa mbashiri mashuhuri amewavuta watu 50 kwa farasi huyo huyo, kila mmoja atapata dola 1 na senti 70. Na kama watu wote 100 wangalimsikiliza, kila mmoja angalipata senti 85. Farasi ameshinda, ubashiri umetimia, na wote waliouamini wamepata hasara!

Katika hesabu hii twaona kwamba ubashiri mwema hujila wenyewe kadiri unavyotangazwa. Siri ya wote si siri, na faida ya wote, katika mchezo wa namna hii, si faida. Kwa hiyo mtu atangazaye sokoni kwamba anamjua mshindi atuachia mashaka mawili. Ama hamjui, na hapo anatoa asichonacho. Ama amjua, na hapo ni ajabu kwamba anaiharibu mali yake kwa kuieneza. Mara nyingi jambo la kwanza ndilo lililo kweli.

Hapa msomaji mwenye akili aweza kupinga. Atasema: mtu mzima ana hiari. Hakuna aliyeshikwa mkono akalazimishwa kuweka dau. Mbashiri alisema alichodhani, msikilizaji akachagua mwenyewe. Basi hasara ni ya mchaguzi. Tena, ataongeza, tukitaka kila neno la mchezo lipimwe kwa mizani ya hakimu, tutaua uchangamfu wa barazani, na dunia itakuwa mahali pa watu walionuna.

Pingamizi hili lina haki, na nusu yake naikubali. Mbashiri hadaiwi fedha iliyopotea, maana hakuichukua. Wala hadaiwi ushindi, maana ushindi si mali yake hata auahidi. Lakini hiari ya msikilizaji husimama juu ya kile alichoambiwa. Aliyeambiwa "nadhani" alichagua akijua kuwa ameshika dhana. Aliyeambiwa "hapana shaka" alichagua akidhani ameshika yakini. Huyu wa pili alinyang'anywa sehemu ya hiari yake kabla hajachagua. Basi deni la mbashiri ni deni la kweli: adaiwa kusema neno lake ni la uzito gani.

Tukilikubali hilo, latoka jambo ambalo kwa mara ya kwanza huonekana geni. Ikiwa deni ni la kweli wala si la matokeo, basi mbashiri aliyesema "hapana shaka" pasipo msingi amekwisha kukosa siku ile ile aliyosema, hata kama farasi wake atashinda. Nami naona kwamba akishinda hatari yake huzidi. Kushindwa humfunza msikilizaji kutahadhari. Kushinda humfunza kuamini. Ubashiri uliotimia kwa bahati ni mbegu ya imani isiyo na mizizi, na wiki ijayo imani hiyo itadaiwa dau kubwa zaidi. Ni watu wangapi walioangamia kwa sababu walianza kwa kupata!

Kosa jingine la mbashiri ni la kumbukumbu. Akipata, hulisimulia mwezi mzima. Akikosa, husema uwanja ulikuwa na tope, au mpandaji alichelewa kumhimiza farasi. Baada ya miaka michache hujikuta amezungukwa na ushindi mtupu, na yeye mwenyewe ni wa kwanza kudanganyika. Huyu hasemi uongo kwa kusudi. Amefuga kumbukumbu yake kama mfugaji anayehesabu ng'ombe waliozaliwa tu, asihesabu waliokufa.

Lakini Australia hiyo hiyo imetoa dawa ya maradhi haya, na imeitoa kwa mzaha. Katika maofisi na mashule mengi watu hushindana kubashiri ligi ya kandanda ya Kiaustralia, ambayo tangu mwaka 2012 imekuwa na timu 18. Kila wiki kila mtu huandika timu azionazo kuwa zitashinda, kabla ya michezo kuanza. Apatiaye hupewa alama moja. Akosaye hapewi kitu. Hesabu hubandikwa ukutani tangu mwanzo wa msimu hadi mwisho. Si ajabu mkuu wa ofisi, aliyeongea kwa sauti kubwa kuliko wote, kujikuta chini ya karani aliyechagua timu kwa rangi za jezi. Mchezo huu haumpunguzii mtu furaha wala utani. Umeongeza kitu kimoja tu, nacho ni daftari. Penye daftari, mwenye kelele hupungukiwa na sauti. Basi aliyehofu kwamba ukweli utaua uchangamfu na autazame ukuta huo.

Hali ni nyingine kabisa pale ubashiri unapogeuka biashara. Zamani mpokea dau asiye na kibali alijificha nyuma ya baa, mpaka mwaka 1961 jimbo la Victoria lilipofungua ofisi halali za kuwekea dau nje ya uwanja. Siku hizi dau limo katika simu ya kila mtu, na ubashiri waja pamoja nalo, usiku na mchana. Baadhi ya watoao ubashiri hulipwa na kampuni za kamari kwa kuwapelekea wateja, na wako wanaopewa fungu la kile mteja anachopoteza. Hebu tafakari maana yake: mshauri ambaye riziki yake ni hasara ya anayeshauriwa! Mwezi wa Juni mwaka 2023 kamati ya Bunge la Australia, chini ya mwenyekiti wake Peta Murphy, ilitoa ripoti yenye mapendekezo 31, mojawapo likiwa kuyafuta matangazo ya kamari ya mtandaoni kwa hatua katika muda wa miaka mitatu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule serikali ilianzisha daftari la taifa ambamo mtu aweza kujiandikisha ili kampuni zote za dau la mtandaoni na la simu zikatazwe kumpokea. Sheria imeona kuwa ziko hiari zinazohitaji kulindwa.

Wala tusidhani kuwa habari hii ni ya mbali. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam huiita orodha ya timu walizozibashiri mkeka, na wako wawauziao mikeka iliyokwisha kusukwa, kwa ahadi kwamba haitachanika. Mwanafunzi anayenunua mkeka wa namna hiyo na ajiulize swali moja: anayeuza, mbona halali juu yake mwenyewe?

Kwa hayo yote, naona wajibu wa mbashiri kuwa mambo matatu. La kwanza, aipime kauli yake, aseme "nadhani" pale alipo na dhana. La pili, aweke daftari la makosa yake waziwazi kama anavyoweka la mapato. La tatu, amjue anayemsikiliza. Neno lisemwalo kwa rafiki mwenye shilingi ya kuchezea si sawa na neno hilo hilo lisemwalo mbele ya baba ambaye ada ya mtoto imo mfukoni mwake. Kwa wa kwanza ni burudani. Kwa wa pili kunyamaza ni sadaka.

Tena wajibu huu haukomi kwenye farasi. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi kwamba mtihani utauliza jambo fulani, mzee amwambiaye kijana kwamba biashara fulani haina hasara, mwandishi awaambiaye watu jinsi uchaguzi utakavyokwisha, wote ni wabashiri. Tofauti ni kwamba farasi hukimbia kwa dakika tatu, na jibu hupatikana mbele ya macho ya wote. Ubashiri wetu mwingine huchukua miaka kujibiwa, na siku jibu lijapo, aliyeusema amekwisha usahau, ila aliyeuamini angali anaulipa.