Kipaji cha Remmy kilikuwa cha nani?



Hapa Isansa siku hizi ukikaa na VIWAWA huchukui muda kusikia ubishi huu: kijana mwenye sauti ambayo kwaya nzima inaitegemea, akipata mtu wa Tunduma wa kumrekodia na kumlipa, aende au abaki? Wapo wanaosema aende, kwani kahawa hailipi kila msimu na sauti hailiwi. Wapo wanaosema kipaji ni cha Mungu, ukikiuza umeuza mali ya watu. Mimi naona swali limekaa upande. Na anayenisaidia kuliweka sawa si padre wala mtakatifu, ni marehemu Remmy Ongala.

Najua wengi wenu mnamjua Remmy kama jina la kituo cha daladala tu, Sinza kwa Remmy, kule Dar. Basi huyo ni mtu. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, na baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Watu walimwita Dokta, na hakuwahi kutibu mtu kwa sindano.

Sasa elewa mazingira yake, maana hapo ndipo penye somo. Miaka ile bendi ilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Polisi nao walikuwa na yao, Jeshi la Kujenga Taifa nalo lilikuwa na yake. Mpiga gitaa alilipwa mshahara na gitaa halikuwa lake. Akigombana na wakubwa anaondoka na vidole vyake tu. Super Matimila haikuwa ya serikali, lakini hata jina lake lilitokana na mfanyabiashara aliyeimiliki. Redio nayo ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, mpaka miaka ya 1990 zilipoanza za watu binafsi. Ukikataliwa pale, umekataliwa nchi nzima. Na kanda zako zikipendwa, kuna watu wanazidurufu kwenye vibanda na kuziuza, wewe huoni hata senti. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ilitungwa mwaka 1999.

Kwa hiyo tukisema Remmy alikuwa msanii huru, huru kwa kipi? Hela hakuwa nayo ya kutisha, redio haikuwa yake. Kilichobaki mikononi mwake ni uamuzi wa nani anamwimbia. Akachagua mnyonge. Aliimba juu ya maskini asiye na haki, aliimba juu ya kifo kana kwamba anazungumza na jirani anayemdai. Alipofika Ulaya kupitia tamasha la Womad na kurekodi kwa lebo ya Real World ya Peter Gabriel, albamu ya mwaka 1989 ikatoka kwa jina la Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za mtu maskini. Mtu kapata nafasi ya kusikika duniani, wengine wetu tungeimba juu ya ndege tuliyopanda.

Mtasema, haya, na ule wimbo wa soksi je? Nilijua mtafika huko. Wimbo wa Mambo kwa Soksi ulihusu kondomu, na Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Mimi ni Mkatoliki, na msimamo wa Kanisa kuhusu usafi wa moyo na uaminifu katika ndoa naufuata, siuonei haya. Jibu la Remmy silo jibu langu. Lakini kumbukeni wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi watu walizikwa huku tunanong'ona kwamba ni homa, ni kifua, amerogwa. Sisi tunaokaa kwenye barabara kuu ya malori, Mlowo, Vwawa hadi mpakani, tuna wazee wanaojua ni nyumba ngapi zilibaki na bibi na wajukuu. Remmy aliutaja ugonjwa hadharani wakati wengi, hata waliokuwa na jibu bora kuliko lake, walikuwa kimya. Na mwenye jibu bora akikaa kimya, sijui anamlaumu nini aliyeongea.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani uhuru ni kutokuwa na bosi. Kuna vijana wanarekodi chumbani kwa simu, hawana meneja, hawana mkataba, na bado wanaimba matusi kwa sababu matusi ndiyo yanayosikilizwa. Bosi wao ni idadi ya waliosikiliza. Huyo bosi hana huruma hata kidogo, afadhali mwenye bendi, angalau anajua jina la mama yako.

Mtume Paulo anatusaidia sana hapa. Katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, anatetea kabisa haki ya mhubiri kuishi kwa Injili. Hasemi kulipwa ni dhambi. Halafu anaeleza kwamba yeye mwenyewe haki hiyo hakuitumia, na Matendo sura ya 18 inatuambia alishona mahema. Kwa nini? Hakutaka mtu yeyote amfunge mdomo. Hema lilimlisha, mdomo ukabaki wa Kristo. Kijana wetu mwenye sauti, kama ana shamba la kahawa hata robo eka, asilidharau. Hilo ni hema lake. Siku mwenye studio akimwambia aimbe upuuzi, anaweza kusema hapana na akala jioni. Na ile karatasi ya mkataba aisome mpaka mwisho, aulize wimbo utabaki wa nani, kabla hajasaini kwa furaha ya kupigwa picha.

Lakini tusimtwishe yeye peke yake. Sisi waamini tunaongea sana kuhusu kipaji cha bure kwa sababu kuimba kwa mwingine hakutugharimu kitu. Nyimbo za marehemu John Mgandu zinaimbwa kwenye vigango vingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, nota zinatolewa fotokopi ya fotokopi mpaka jina la mtunzi linafutika. Albamu za kwaya tunaingiziwa kwenye memori kadi kibandani, anayelipwa ni mwenye kompyuta. Amri ya saba tunaifundisha katekisimu kwa mfano wa kuku wa jirani. Sijasikia mwalimu akitaja wimbo.

Miaka yake ya mwisho Remmy aliokoka, akaacha dansi, akaimba nyimbo za Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Kuna wanaosimulia habari hii kama vile hapo ndipo alipoanza kumtumikia Mungu na yale ya nyuma yote ni takataka. Mimi nasita. Someni Amosi sura ya 7. Kuhani Amazia anamwambia Amosi arudi kwao, akale mkate wake huko na kutabiri huko huko, kwa lugha ya leo, nenda ukatafute hela kwenu. Amosi anamjibu kwamba yeye wala si nabii wa kazi hiyo, ni mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, Bwana ndiye aliyemtoa nyuma ya kundi. Simwiti Remmy nabii, msije mkanishtaki kwa paroko. Ila miaka yote ile alipokuwa anaimba ukumbini, kati ya chupa za bia na moshi wa mishikaki, kwamba maskini naye ni mtu, sijui hilo neno tuseme alilipata wapi.