Aliyewekwa Kivulini

Somo: Kutoka 2:11–22 na 3:1



Mwaka wangu wa kwanza hapa Elwak nilipata gogo la mathenge, mti ambao wafugaji huulaani kwa miiba yake. Nikataka kuchonga bakuli la kupokelea sadaka. Kazi hiyo nilikuwa nimeonjeshwa pwani na fundi mmoja mzee wa kukereza, nikajiona nimehitimu. Nilikata pingili, nikaitoa umbo la bakuli kwa tezo siku ileile, kisha nikaianika juu ya mabati ikauke upesi. Kufikia alasiri ilikuwa na ufa wa kupitisha kidole.

Nikampigia mzee simu. Alicheka kwanza, halafu akaniuliza: “Kiini ulikitoa? Ncha ulizipaka nta? Na uliiweka wapi?” Sikuwa na jibu hata moja la kumfurahisha.

Mti mbichi umejaa maji, na maji hayo hutokea kwenye ncha zilizokatwa upesi kuliko ubavuni. Ncha zikisinyaa huku katikati kungali na maji, mti huvutana wenyewe kwa wenyewe hadi upasuke, na mara nyingi ufa huanzia kwenye kiini. Ndiyo maana fundi hulipasua gogo katikati, akakiondoa kiini, kila nusu ikawa bakuli. Ncha huzipaka nta siku hiyohiyo. Kisha hutoa bakuli la awali, nene makusudi: lenye upana wa inchi 10 huachiwa ukuta wa inchi 1 hivi. Anajua litapinda, na unene huo ndio utakaompa nafasi ya kulinyoosha baadaye. Halafu huliweka kivulini, pasipo upepo, miezi 6, pengine mwaka mzima. Kila mwezi hulipima kwa mizani. Uzito ukiacha kushuka, ndipo hulirudisha kwenye keezo.

Wahenga walituambia samaki mkunje angali mbichi. Fundi atakubali nusu: mti huanzwa ungali mbichi, ila haumaliziwi ukiwa mbichi.

Musa alilelewa ikulu, akakua na uchungu wa haki kifuani. Siku moja akamuua Mmisri kwa kumtetea ndugu yake, na kesho yake ndugu zake hawakumtambua kama mwokozi. Juani, juu ya mabati, alipasuka. Akakimbilia Midiani, akaketi kando ya kisima. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinahesabu miaka 40 hapo kabla ya Mungu kumwita kutoka kwenye kijiti kilichowaka moto. Jirani zetu Waislamu nao wanaisoma habari hii katika Sura ya Al-Qasas, na humo mna jambo ambalo Kutoka hakikulitaja: alipokwisha kuwanyweshea mifugo yao mabinti waliofika kisimani hapo, Musa alirudi kivulini, akamwomba Mola wake.

Kisima, mifugo, kivuli, na mgeni msomi aliyetoka mjini. Sisi tunaokaa Elwak, mji ambao jina lake ni visima vya Mungu, tusijifanye habari hii ni ya mbali.

Naujua mnong'ono wetu baada ya ibada. Mwalimu anahesabu mihula hadi apate uhamisho. Muuguzi anasema wakubwa wamemsahau. Askari anasema ametupwa. Mimi mwenyewe nimelisema neno hilo, tena kwa kinywa hikihiki kinachohubiri. Kwa macho, gogo lililotupwa na bakuli lililowekwa kukauka hufanana. Yote mawili yamelala kimya, na hakuna anayeyagusa. Tofauti ni kwamba moja lina mtu anayekuja kulipima.

Wala Musa hakulala miaka hiyo yote. Alichunga kondoo wa mkwewe mpaka akafika Horebu, na ni mlima huohuo alikowaleta Waisraeli baadaye. Nyika alimouongoza umma alikuwa ameizoea kwa miguu yake, nyuma ya kondoo wa mtu mwingine. Na alipolemewa na kesi za watu, aliyemshauri jinsi ya kugawa mzigo alikuwa mkwe yuleyule, Yethro mfugaji.

Basi wiki hii, mtafute mwenyeji mmoja: jirani, mama muuza maziwa, mzee wa kisimani. Mwulize jambo moja analolijua kuhusu nchi hii ambalo wewe hulijui. Kaa, unywe chai, umsikilize hadi mwisho.

Tuombe: Ee Mungu, wewe uliyemwona Musa kando ya kisima, utuondolee kiini kitupasuacho, na utupe subira ya kukauka taratibu mikononi mwako. Amina.

Bakuli la pili nimelichonga. Limo stoo, ndani ya gunia, na mwezi uliopita uzito ulishuka tena. Kwa hiyo Jumapili hii sadaka bado tutaipokea kwa beseni la plastiki.